Jointi ya Mbele, na Esta Ndani ya Gari

Mama Esta,

Ulifia ndani ya gari, kwenye mlima wa Nyabibuye, jointi ya gurudumu la mbele imekatika. Hospitali ya Kibondo, tulikokuwa tunakukimbiza, hatukufika. Mimi utingo na Bukuru dereva tulikuwa chini ya gari. Nakuita, unaitika kwa Kiha, "ego." Nakuita, "ego." Halafu hukuitika.

Jointi nyingine tulikuwa nayo. Mpya. Hiyo ndo inanisumbua. Lakini jeki tuliiweka juu ya jiwe, huku kila mtu anafanya hivyo, na jiwe likateleza kwenye tope. Tukainua upya. Jointi mpya ikadondoka, gololi zake zikachomoka, zikazama topeni. Tukaziosha na maji ya mtaroni. Zikarudi na mchanga. Haikuingia.

Tangu tukuzike sijagusa gari lile. Tajiri mwenye gari amenivumilia. Sasa mvua zimeanza, na Esta wetu ana mimba kubwa. Nesi wa zahanati amesema huyu akazalie Kibondo, aende mapema, asingoje uchungu. Pikipiki nesi amekataa. Gari ni lile lile. Lingine halipo.

Basi nimejiandaa. Nilikwenda Kasulu kwa fundi mmoja, nikamwambia nifundishe jointi ya mbele tu, mengine sitaki. Akasema, "Mzee, umeoa jointi?" Gereji nzima wakacheka. Nikacheka na mimi. Nikatoa tairi, nikavuta shafti, nikatoa jointi, nikarudisha. Tena. Tena. Mwisho akaniambia sasa fumba macho. Nikafunga nimefumba.

Nimekata ubao wa mninga, mpana, wa kuweka chini ya jeki. Jointi nimeishindilia grisi hapa hapa nyumbani, pakavu, nikaiviringisha kwenye plastiki. Na lile turubai la kuanikia maharage nimelichukua, nilitandike chini kitu kisiguse tope. Esta akaniuliza, "Sasa baba, maharage tuanikie kichwani kwako?" Ungekuwepo ungenigombeza wewe kwanza.

Bado naogopa, mama Esta. Gereji ni pakavu. Gari limetulia, hakuna mtu anaumwa ndani. Kule mlimani jointi itaniponyoka tena? Siku ile iliniponyoka mimi. Bukuru aliona, hajawahi kunisema. Mpaka leo nikishika spana nasimama, nasikiliza kama utaitika.

Esta hajui kama naogopa. Anadhani nimenuna. Na ana tabia yako, akiumwa hasemi. Nimemwambia akae mbele, aongee njia nzima, hata upuuzi. Akasema, "Niongee na nani, na wewe hujibu?" Nimemwambia nitajibu.

Leo nimepalilia kaburi. Udongo umetitia upande wa miguu, nimejazia. Nilitaka kukuambia pale pale nikashindwa, mama yako alikuwepo.

Mtoto akiwa wa kike ni jina lako. Esta ndo kasema, sio mimi.

Haya, pumzika. Siwezi kukuahidi kama jointi haitakatika, ile njia unaijua. Nakuahidi ikikatika sitakimbilia jiwe. Nitatandika turubai, nitaweka ubao, nitafunga polepole hata mvua inipige, hata nilie. Sitatoka chini ya gari mpaka gurudumu lizunguke.

Kesho narudi kazini. Esta yumo garini.

Baba Esta