Akina Nyoni wa Kabatini

Mjimwema, Songea

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mwanao Eliya ni mzima, isipokuwa ameacha kumaliza chakula na sababu yake unaijua. Goti lako linasemaje asubuhi hizi za ukungu? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufika, au inachua magoti ya dereva? Niambie pia kama Mjomba Yakobo bado anakohoa, na kama amekubali kuacha kulala ghalani kulinda viazi ambavyo hakuna anayeviiba.

Huku nako baridi imeshuka. Mlipokuwa mkiniaga mlisema nakwenda kusini kwenye joto. Leo nimeandika habari nikiwa nimevaa sweta mbili. Kazi inakwenda. Msimu huu nimeshinda vijijini, Lusewa na kwingineko, kwa wakulima wa tumbaku, maana siku hizi wanunuzi binafsi wanafika na magari yao hadi mlangoni pa ghala, na chama cha ushirika kimebaki kutazama. Wakulima wengine wanafurahi, wengine wanaogopa, na wengi wanafanya yote mawili kwa pamoja. Mimi naandika wanachosema. Simu ikikubali, naisoma habari yangu kwa sauti kubwa mpaka Dar es Salaam waisikie, na foleni nzima ya posta inaijua kabla ya gazeti. Chakula hakinisumbui. Mahindi tele, maharage tele, na mara moja moja tunapata samaki wa Ziwa Nyasa waitwao mbasa, ambao wewe ungewapenda.

Sasa niingie kwenye ulilonituma.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikampa Eliya, naye akaisoma akiwa amesimama. Umesema huna neno na Winfrida ambaye Eliya anataka kumwoa, wala na kazi yake ya ualimu, wala na Ukatoliki wake, ingawa hilo la mwisho uliliandika kwa mwandiko mdogo. Neno lako ni jina la baba yake. Umesema kule mkongeni Korogwe, Mjomba Yakobo akiwa kijana, nyapara mmoja Mngoni aitwaye Nyoni, mwenye kidole pungufu mkono wa kushoto, alimpiga rungu mpaka mkono ukavunjika, kwa kosa la kuacha mstari wake kwenda kunywa maji. Ukasema mtu haoi msichana, anaoa ukoo. Kwa hiyo niende nikawatazame watu hao na nisikufiche kitu. Basi nitakueleza kama ninavyoandika kazini: niliyoyaona, niliyoyasikia, na nisiyoyajua nitasema siyajui.

Nilianza kwa majirani, na hapo hapo nikakwama. Nilimwuliza mama mmoja anayeuza maandazi karibu na shule kama anamjua Mzee Nyoni.

"Nyoni yupi?"

"Mwenye binti mwalimu."

"Hapa kila Nyoni ana binti mwalimu," alisema, akigeuza maandazi yake bila haraka. "Yupo Nyoni wa mashine ya kusaga, yupo Nyoni wa kwaya, yupo Nyoni aliyeuza mbuzi wa watu. Wewe unamtaka wa kumkamata au wa kumposea binti?"

"Wa kuposa."

"Basi ni Otmari. Yule wa kukamata kahamia Nakapanya."

Ujue, Mama, jina la mwisho huku si la baba wala la babu. Ni la ukoo. Wenye jina moja huitana ndugu hata kama hawajaonana maishani, na hawaoani. Mtu akikutajia jina lake anadhani amekuambia yote.

Jumapili baada ya misa tukaenda, mimi na Eliya. Alikuwa amepiga pasi shati mpaka linang'aa. Winfrida alitupokea barazani, akapiga goti kunisalimu, kisha nikamsikia akimnong'oneza Eliya: "Wewe kaa kile cha dirishani. Hicho kingine mguu wake unacheza, usije ukaanguka mbele ya Dadi." Dadi ndivyo wanavyomwita baba.

Huyo baba, Mzee Otmari, ni mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe. Alikuwa karani wa ghala la ushirika mpaka walipopunguza watu. Sasa anafuga nyuki na kulima mboga nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa anakuja mshenga. Sikuambiwa ni mwanamke."

"Sikuja kama mshenga, baba. Nimekuja kutazama."

"Afadhali. Mshenga husema uongo kwa adabu."

Sebuleni mwake mna kabati la vioo, lile ambalo wewe na kila mama mwenye heshima huweka vikombe visivyonywewa chai. Lake lina vitabu. Mimi kwa kazi yangu macho hukimbilia maandishi kabla ya watu, kwa hiyo nikaanza kusoma migongoni mwa vile vitabu wakati Winfrida anaandaa chai. Cha kwanza kilikuwa cha nyimbo za kanisa, mwandishi Nyoni. Cha pili kilikuwa cha ufugaji wa nyuki, Nyoni. Cha tatu kilieleza swala na funga, kimeandikwa na sheikh aitwaye Nyoni. Kikafuata cha upelelezi, jaladani mwanamke mwenye viatu vyekundu ameshika bastola, na mwandishi wake ni mama, naye ni Nyoni. Kulikuwa na hesabu za darasa la sita, kijitabu cha meno, kitabu cha korosho, mashairi ya mapenzi, na kimoja kinene cha Kiingereza kuhusu udongo ambacho sidhani kama kimewahi kufunguliwa. Wote Nyoni.

Nakiri nilifurahi. Nilikwisha kuipanga barua kichwani: Mama, ni nyumba ya wasomi.

"Baba, hawa wote ni ndugu zako?"

Winfrida aliweka birika chini. "Dada, umeliuliza lenyewe. Chai hii tutainywa baridi."

Na kweli mzee alisimama, akafungua kabati, akaanza kuwatoa mmoja mmoja kama mtu anayewatambulisha wageni. Ilianza zamani akiwa ghalani. Alisikia kuna ndugu wa ukoo aliyeandika kitabu cha kutunza hesabu za ghala, akamwagiza dereva wa lori aendaye Dar es Salaam amletee "kitabu cha Nyoni." Hakutaja kingine chochote, kwa sababu kwake jina hilo lilitosha. Dereva akarudi na yule mwanamke mwenye bastola.

"Ukamrudishia?" nikauliza.

"Nimrudishie kwa nini? Nilikuwa nimeagiza Nyoni, nikaletewa Nyoni. Nikakisoma. Mwizi nilimjua mapema, lakini kitabu kizuri."

Tangu hapo kila msafiri aliyemjua alikuwa na kazi hiyo: ukikuta kitabu cha Nyoni, niletee. Na kila kilipofika alimwandikia mwandishi barua, "Ndugu yangu wa ukoo," akamwuliza babu zake ni akina nani. Mama mwenye bastola hakujibu. Yule wa meno alijibu akiuliza kama ana jino linalomsumbua. Sheikh, ambaye kwao ni Lusewa, alikuja mwenyewe. Wakakaa siku nzima wakihesabu mababu, kila mmoja kwa upande wake, na hawakukutana popote. Babu wa babu yake sheikh alikuwa mateka wa vita. Watu wa akina Nyoni walimchukua, wakampa shamba, wakampa na jina. Huku mambo hayo yanajulikana, ila hayasemwi mezani.

"Sasa mkiwa hamna babu mmoja, undugu wenu ni nini?" nikauliza.

"Ni pa kuanzia salamu," alisema. "Baada ya salamu ndipo unamjua mtu. Huyu sheikh tumezikana. Nilipofiwa na mke wangu alikuja kabla ya mapadre." Kisha akamgeukia Eliya. "Na huyu wa mashairi ya mapenzi usimwazime. Anaharibu vijana."

"Nimechelewa, baba," Eliya alisema. "Winfrida aliniazima mwaka jana."

Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

Hapo, Mama, nilikuwa na jibu ambalo Eliya alilitaka na mimi pia nililitaka. Ningekuandikia kwamba akina Nyoni ni wengi na wa kila namna, wa msikitini na wa kanisani, wa nyuki na wa bastola, na kwamba nyapara wenu wa Korogwe ni wa mbali huko. Kila neno lingekuwa kweli. Lakini lile ulilonituma nilikuwa bado sijaliuliza. Eliya alinitazama, akaona ninavyokaa sawa kwenye kiti, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Baba," nikasema, "kuna Nyoni mmoja simwoni humo. Alikuwa nyapara mkongeni, Korogwe, kabla ya Uhuru. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kidole pungufu."

Mzee alivua miwani.

"Kidole kipi?"

"Mama hakuandika kipi."

"Cha mwisho," alisema. "Kilichukuliwa na mashine ya mkonge. Huyo ni baba yangu."

Winfrida alikuwa ameshika kikombe cha Eliya. Hakukiweka wala hakumpa. Mzee akauliza baba yake alitufanyia nini, nikamweleza kwa maneno yako, bila kupunguza. Hakusema zamani ilikuwa hivyo, wala kwamba wazungu ndio waliomwamuru. Aliuliza ni mkono upi. Nikasema wa kulia. Akauliza kama mwenye mkono yu hai na kama analima. Nikasema yu hai na analima, ila kunyanyua debe hawezi.

"Alirudi na baiskeli na cherehani," alisema, "tukamwona kama mfalme. Akinywa pombe alikuwa anatuonyesha alivyowafanya watu kule. Anaigiza wanavyolia. Watoto tulikuwa tunacheka. Mimi nilikuwa nacheka."

"Dadi, hukuwahi kusema," alisema Winfrida.

"Hukuwahi kuuliza. Mwenzako kauliza."

Kisha akaniambia jambo ninalolinakili hapa kama alivyolisema. Posa isije kwanza. Kati ya nyumba mbili zenye jambo la namna hii, mahari hayavuki. Wa upande wa mkosaji huenda mwenyewe kwa aliyekosewa, na mtu mzima wa kike wa ukoo wake, wakaketi chini, wakasema jambo kwa jina lake, wakanyamaza mpaka waambiwe inukeni au waambiwe nendeni. Halipelekwi kwa barua wala kwa mshenga. Anataka kuja huko kwetu Soni na dada yake, shangazi wa Winfrida, akishamaliza kurina asali. Alichoniomba niulize ni kimoja tu: akifika, mlango utafunguliwa?

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Eliya akapunguza mwendo.

"Dada, ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Na Mama akikataa?"

"Atakuwa amekataa kitu anachokijua."

Tukaenda tena kidogo. "Na yeye angeweza kusema ni Nyoni mwingine," alisema. "Nani angembishia? Kabati zima limejaa Nyoni wengine."

Hilo ndilo ninalotaka ulipime, Mama. Nimehoji watu wengi katika kazi hii, wakubwa na wadogo, na najua mtu anavyotazama huku na huku akiulizwa swali zito, akitafuta pa kutokea. Mzee Otmari alikuwa na pa kutokea pengi mbele ya macho yake, tena alikuwa ametoka kunionyesha pote mwenyewe. Hakutazama hata upande ule. Kama anakunywa kwa siri sijui. Kama wana ugonjwa wa ukoo sijui. Majirani wanasema hawana. Winfrida ninamjua kidogo, na ninampenda kiasi cha kutosha kukwambia hivyo. Kwa maoni yangu, ambayo hukuyaomba, mzee aje.

Msalimie Shangazi Mariamu, mwambie kitambaa chake cha kushona nimekipata. Msalimie mdogo wetu Neema na mumewe, na yule mtoto wao ambaye nasikia sasa anajibu watu wazima. Jirani yetu fundi seremala mshukuru kwa kurekebisha paa la jiko.

Kwa Mjomba Yakobo sitoi salamu tu. Barua hii msomee yote, Mama, usiruke sehemu ya mkongeni kwa kumwonea huruma. Usimshauri, na mchungaji pia asimshauri. Mkono ni wake, na jibu liwe lake. Akisema wasije, Eliya ameniahidi hatabisha. Nilimwona akiahidi, na ilimgharimu. Akisema waje, nijulisheni wafike siku gani, na Mjomba achague mwenyewe kama atawapokea ndani au uani. Mzee amesema popote watakapoonyeshwa wataketi.

Nakuombea usingizi mwema na goti jepesi.

Ni mimi binti yako,
Naomi