Begi Langu na Maji ya Kigamboni

Nengo, Gisenyi
14 Septemba 2024

Mpendwa mjomba Karenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Mgongo wako na lori lako wanapatana? Mama Iriza hajambo, na lile jiko lake lililoninenepesha kwa siku tisa? Sisi wazima. Mama bado anauza dagaa wetu wa sambaza pale mpakani, karibu na Grande Barrière, na bado anawashinda wanawake wa Goma kwa maneno. Mi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haitulii, na sababu utaisoma, ila usiruke mistari.

Kwanza ujue hapa Gisenyi nimekuwa mtu mkubwa. Nimewaeleza wavuvi wenzangu jinsi pantoni inavyomeza magari, na mabasi ya mwendokasi yanavyopita kwenye barabara yao peke yao kama mabwana, na ghorofa za Posta nilizozitazama mpaka shingo ikagoma. Nimewaambia maji ya bahari niliyaonja, yana chumvi kweli, mutu hawezi kupikia chai. Jean Bosco, mkuu wa mtumbwi wetu, akauliza kama bahari inalipita ziwa letu la Kivu. Nikamwambia Kivu ni sahani. Alininunia siku mbili.

Bon. Sasa habari ya begi.

Unakumbuka nilikuambia vibaka wa Kigamboni walilibeba, pamoja na vile viatu ulivyoniachia nitembelee. Ulikasirika, ukaenda mwenyewe kuwafokea vijana wa pale ufukweni, kisha ukaninunulia raba mpya. Mjomba, hakuna kibaka. Wale vijana hawana kosa, na mmoja wao ndiye aliyenipa ndala za kurudia nyumbani.

Ilikuwa siku yangu ya pili, wewe ukiwa bado Morogoro na lori. Iriza alinivusha ng'ambo tukatembee. Nilimchokoza njia nzima, kwamba yeye ni mtoto wa mjini anayeogopa kulowa, na mi nimezaliwa majini, maji hayawezi kunidanganya. Tulipofika nikavua viatu, nikavipanga juu ya begi, hatua kama kumi kutoka majini. Huku kwetu ukiacha kitu hivyo asubuhi, jioni unakikuta. Kivu haisogei.

Iriza akaniambia, "Kaka, sogeza begi juu, maji yanajaa."

Nikamcheka. "Yajae yatoke wapi? Mvua imenyesha lini?"

Akaenda zake kununua mihogo ya kukaanga. Mi nikaingia kucheza mpira na wale vijana huko juu kwenye minazi, nikafunga mabao matatu. Mawili, ukimuuliza Iriza. Nilipogeuka, bahari ilikuwa imekaa pale nilipoacha viatu, imetulia kama vile ni kwake siku zote. Iriza alicheka mpaka akakaa chini na mihogo yake. Nikamwapisha asiseme. Usimkasirikie, hakujua kilichokuwa ndani.

Ndani kulikuwa na barua ya Bibi.

Aliniagiza nikupe mkononi, ukiwa umekaa, isipitie kwa mtu. Ndiyo maana sikumwachia Mama Iriza siku ile nilipofika. Simu Bibi hataki. Anasema kwenye simu unamwambia "nakuja, mama," halafu mtandao unakatika, lakini karatasi haikatiki. Basi uliporudi kutoka Morogoro ukaniuliza Bibi, mama yako, anasemaje, nikajibu anakusalimu. Hivyo tu. Anakusalimu.

Barua ile aliisema yeye, nikaiandika mi, kurasa mbili, donc nayajua yaliyomo. Mengi ni ya ng'ombe na ya marehemu Babu, hayo yanaweza kungoja. Lisiloweza kungoja ni hili: jicho lake la kushoto limekwisha. La kulia, daktari amesema dawa zinalichelewesha tu, labda litafika Krismasi, labda halifiki. Anataka kuuona uso wako kabla halijafunga. Miaka kumi na moja hajakuona, na picha za kwenye simu hazimsaidii tena, anaona mwanga mtupu.

Kosa langu la pili ni baya kuliko la kwanza. Niliporudi aliniuliza kama umesoma. Nikasema umesoma, ukanyamaza sana, kisha ukasema utajibu. Sijui kwa nini niliongeza ule unyamavu. Nilitaka habari ipendeze. Tangu hapo kila asubuhi anaoga, anavaa kitenge chake cha misa, anaomba kiti chake kiwekwe mlangoni. Pikipiki ikipunguza mwendo, ananyoosha shingo.

Nyumbani nimeshindwa kukaa. Nashuka ziwani, napanda mpaka mpakani bila shughuli ya kuvuka, narudi. Juzi nilikwenda soko la Mahoko kwa miguu kutazama viazi ambavyo sikununua. Jean Bosco amenishusha kwenye mtumbwi, anasema nautingisha. Anadhani natamani Dar. Natamani kweli, lakini si hilo.

Jana nikamwambia Bibi yote, maji, vibaka, na ule unyamavu wako wa kutunga. Nilingoja fimbo. Akaweka mikono magotini, akauliza, "Kwa hiyo Karenzi hakukataa?"

Nikamwambia hukukataa, hukuambiwa.

Mjomba, akacheka. Kumbe mwezi mzima alikuwa anakaa pale mlangoni akidhani ule unyamavu ni wa kukataa. Akasema, "Lete karatasi, wewe mutu wa maji. Na safari hii usiende nayo mwenyewe."

Ningeweza kukupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nitaleta utani na neno litapotea tena. Barua hii inakuja na Bushira, jirani yetu, anapanda basi Jumatatu. Nimemwambia asikupe mpaka ukae. Ukimwona ameishikilia, kaa.

Ukija, njoo na Iriza. Nitamtembeza Gisenyi yote, na ufukweni kwetu ataacha viatu popote anapotaka. Raba ulizoninunulia sijazivaa. Ziko chini ya kitanda, na mguu wetu ni mmoja.

Nisalimie Mama Iriza, na Iriza, na yule kijana wa ndala ukimwona. Mwombe radhi kwa ajili yangu. Mungu akae nawe kwenye usukani, na amlegeze bosi wako akupe likizo.

Mstari wa mwisho ni wa Bibi, amekataa nimwandikie. Umepanda mlima hivyo kwa sababu haoni tena karatasi inapoishia.

Wako akupendaye, hata ukija na kiboko,
mpwa wako Igor

Karenzi mwanangu, njoo nikuone.