Sie Tatu na Kitambulisho Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Magunia ya mchele tena. Shingo inauma. Asubuhi langoni nyapara amekusanya vitambulisho vyetu kama kila Jumatatu, akavitia kwenye kopo lake la biskuti. Anavirudisha Jumamosi, ili tusikimbilie godauni jingine katikati ya wiki. Nilimpa changu bila kufikiri. Nimefika chumbani, nimevua viatu, ndipo nikakumbuka. Mtihani wa Kijerumani ni Ijumaa. Bila kitambulisho huingii. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi
Ich, du, er, sie, es: mimi, wewe, na yeye wa aina tatu. Niliyaandika mkononi kwa kalamu. Jasho likayafuta kabla ya saa nne. Wafula, tunayebeba naye, ananiita Mjerumani.
Kinachonitesa ni sie. Sie ni yeye, mwanamke. Sie ni wao. Sie ya herufi kubwa ni wewe, mtu wa kuheshimiwa. Mwalimu Zuhura, aliyejifunza lugha hii kwa wageni wa hoteli za Diani, anasema tazama kitenzi. Sie kommt, anakuja mwanamke mmoja. Sie kommen, wanakuja wao, au unakuja wewe mheshimiwa. Kwetu yeye ni yeye tu. Mume, mke, hakuna anayeuliza.
Sijamwambia nyapara. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia nyapara habari ya mtihani, wakati wa chakula. Akajibu mbele ya wote: "Kitambulisho kikitoka kwenye kopo, na wewe umetoka. Nje kuna watu wanaongoja nafasi."
Wafula alininong'oneza niseme nimeitwa na polisi. Siwezi. Uongo huonekana usoni mwangu.
Wakala wa kazi za Ujerumani hangoji. Asiye na cheti mwezi huu, nafasi yake anapewa mwingine. Nabeba magunia Changamwe mwaka wa saba. Namchukia nyapara. Najichukia zaidi. Nilimpa kwa mkono wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Baada ya kazi nilikwenda kwa Mwalimu Zuhura kumwambia siendi. Nikaanza, "Wewe, mwalimu..." Hakuningoja nimalize.
"Baba, mimi huniiti wewe hivyo, kama unaita kuku! Hata shikamoo hujatoa. Huyo wewe wako ndiye du. Kesho ukimpa mtahini du, umemtukana, wallahi. Mtu mzima usiyemjua ni Sie, mpaka mwenyewe akuruhusu."
Nikasema shikamoo. Nikalalamika pia kwamba meza kwa Wajerumani ni er, kama mwanamume. Akaniuliza mbona nasema kiti hiki na gunia hili na silii. Nikacheka. Mara ya kwanza wiki hii.
Kuhusu kopo hakunishauri. Alisema tu karatasi yangu ya mtihani ina jina langu tayari.

Ijumaa, 7 Machi
Nilifika langoni kabla ya wote. Nikaomba kitambulisho. Nyapara alivipekua kimoja kimoja, makusudi, akakitupa changu chini. "Usirudi." Niliinama nikakiokota. Wafula, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alitazama pembeni. Simlaumu, ana watoto.
Nikavuka daraja la Makupa kwenda mjini. Mtahini alikuwa mama wa makamo. Nilimpa Sie mwanzo hadi mwisho. Kwenye kuandika nilikwama kwa ihr, nyinyi. Nadhani nilikosea mara mbili. Labda zaidi. Sijui.

Jumamosi, 8 Machi
Mwili umeamka saa kumi na moja. Haujui kwamba hauna kazi. Nimefua shati la mtihani, nimelianika. Majibu baada ya wiki tatu. Mlango uko wazi na sina pa kwenda.
Mchana nimempigia mke wangu, Nekesa, kule Bungoma. Nimemweleza yote, hata ya langoni. Akasema mvua imeanza, na upande wa chini wa shamba haujalimwa.
Sikujua kama ananiita nyumbani au ananipa habari tu. Sikumuuliza.