Wiki Mbili Nilizozifuta

Alhamisi, 16 Septemba. Mvua ya saa nane imenyesha pamoja na mawe yake, imekatika, na bati bado linadondosha. Nimekaa mezani, tumbo limegusa ubao, na kichwani sielewi kitu.

Leo ni siku ya tano tangu ipite tarehe ya kujifungua. Ndivyo inavyosema kadi ya kliniki. Mimi najua ni siku ya kumi na tisa.

Basi, nimeiandika. Hakuna hata mtu aliyeisoma bado.

Kadi haina kosa, mimi ndiye niliyeidanganya. Siku ya kwanza kliniki, Sista Dorika, nesi wa pale, aliniuliza niliona siku zangu za mwisho lini. Swali la kawaida, kila mama huulizwa. Lakini Sista Dorika ndiye aliyetufundisha mafunzo ya ndoa kanisani, mimi na Ezekieli, jioni sita, na ndiye aliyenifunga shela nyeupe asubuhi ya harusi, Jumamosi ile baada ya sikukuu ya Jamhuri. Alikuwa na pini mdomoni. Akasema, "Hii shela si ya kila msichana, Rispa." Nikatabasamu. Tumboni tayari kulikuwa na mtu, ingawa mwenyewe nilikuwa sijajua.

Kwa hiyo pale kliniki nikaisogeza tarehe wiki mbili mbele. Sikupanga. Mimi mwalimu wa hesabu wa darasa la tano, nilizipiga kichwani upesi kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha, na kila kitu kikaangukia baada ya harusi. Sista akaandika, mimi nikashusha pumzi.

Wakati ule wiki mbili zilikuwa kitu kidogo.

Nisijitetee sana. Ezekieli anafanya kazi Lugari, kwenye yale mashamba yaliyokuwa ya wazungu, anawapimia watu viwanja vyao vipya. Jumamosi moja alikuja kunieleza habari za harusi, mvua ikamfungia hapa kwangu Amalemba. Ilikuwa mvua kama ya leo. Baadaye ilikatika, na yeye akasimama kwenda. Mimi ndiye niliyemwambia bado inanyesha.

Asubuhi nimeenda kliniki. Daktari, yule kijana aliyerudi majuzi kutoka ng'ambo, amenipima akasema kesho kuna kitanda, nikitaka wanaweza kuniwekea dripu ya kuanzisha uchungu. Ama ningoje hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa siku tano yeye haoni haraka, maana mimba ya kwanza huchelewa. Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nilitazama kadi mkononi mwake.

Sista Dorika akacheka. "Siku tano tu, Mwalimu! Haraka ya nini? Ila kama kuna sababu, sema."

Nikasema nitafikiria. Jamani, hilo ndilo jibu nililotoa.

Nikivaa viatu nikamsikia nyuma ya pazia akimhimiza msichana mmoja mwenye haya alale kitandani apimwe. "Mficha uchi hazai, dada. Fungua kanga." Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi? Nilitoka pale masikio yakiwaka.

Tangu saa hizo nazunguka tu na mawazo. Nikisema tu, "Nianzishieni," bila kueleza, watanianzishia. Lakini Sista mwenyewe alitufundisha kwamba mtoto aliyepitisha siku huja na ngozi kavu inayobambuka, na kucha ndefu. Siku tano hazileti kucha ndefu. Atamshika tu mwanangu na ataujua uongo wangu kabla sijamwona mtoto mwenyewe. Halafu naogopa dripu yenyewe. Mke wa fundi cherehani hapa jirani aliwekewa, anasema uchungu wake haukupi nafasi hata ya kuvuta pumzi. Halafu nafikiri, je, kama nimekosea mimi? Kama mtoto hana tatizo, nimfukuze huko aliko kwa sababu ya woga wangu?

Halafu kuna Lurambi.

Mama yake Ezekieli ametoka kwake Lurambi kuja kunisaidia. Amekuja na kuku wa supu ya mzazi, amemfunga mguu kwenye meza ya jikoni. Kuku mwenyewe amengoja mpaka ameanza kutaga. "Hata ingokho amekutangulia kuzaa, mukhana," Mama ananiambia kila asubuhi akiokota yai, na anacheka hadi anashika mbavu. Dripu haitaki hata kuisikia. "Mtoto wa kwanza anachelewanga. Ezekieli alinichelewa, na sasa tazama urefu wake. Twende Lurambi, mkunga wetu yuko, uzalie nyumbani."

Lurambi hakuna kadi, na Sista Dorika hatakuwepo kutazama kucha. Mkunga atamwosha mtoto, Mama atapiga vigelegele, na Jumapili tutarudi mjini na mtoto aliyefunikwa shali. Nimekuwa nikiwaza Lurambi tangu saa nne asubuhi. Nimeshafungasha hata leso mbili.

Kwa sababu ninachokiogopa hasa si dripu. Mume wa Sista Dorika ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwaka jana walimwondoa mwalimu mwenzetu kwa jambo hilihili. Aliolewa akiwa na mimba na ikajulikana, basi. Alitoka na sanduku lake mchana, watoto wakichungulia madirishani. Mimi nilikuwa darasani na chaki mkononi. Sikumwambia hata kwaheri. Usiku nikajisemea kwamba angekuwa mwangalifu.

Ndiyo, mimi huyu.

Ezekieli hajui habari za kadi. Tarehe za kliniki anasema ni mambo ya wanawake. Ameandika kutoka Lugari kwamba tungoje, Mungu ana saa yake, naye atafika Jumamosi. Nikimweleza atasema nini? Yeye ndiye anayeongoza kwaya. Wote wawili tutaketi viti vya nyuma bila meza ya Bwana, na huku nje yeye ataambiwa pole, mimi nitaitwa jina. Nimemkasirikia siku nzima kwa jambo ambalo hata halijui.

Sasa niandike lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Shule iko ng'ambo ya barabara. Huyu mtoto, tangu miezi ya mvua, kengele ikilia ananipiga teke. Darasani nilikuwa nashika meza, watoto wanadhani nimekasirika. Hata nilipoanza likizo aliendelea. Saa mbili kengele, teke. Saa saba kengele, teke.

Leo saa tisa, mvua ilipokatika, kengele ililia. Hakufanya kitu.

Nikanywa maji ya sukari. Nikalala ubavu wa kushoto. Nikamsemesha, nikamwita baba, nikamwita mama, maana simjui ni nani. Baada ya muda mrefu akajigeuza kidogo tu. Nililia kwa furaha, Mama akaja mbio na mwiko akidhani ni uchungu. Nikamwambia mgongo tu unauma. Uongo mwingine! Siku hizi unatoka wenyewe.

Saa kumi na nusu imelia kengele ya kufunga shule. Nilikuwa nimeweka mikono yote miwili tumboni. Nimengoja hadi watoto wote wamepita barabarani na kelele zao.

Hakuna.

Nimefungua daftari hili huku nyuma, kurasa za Novemba. Kila mwezi huwa naweka nukta ya wino mwekundu pembeni, kwa kalamu ya kusahihishia. Nilitamani nisiione. Iko palepale, Jumamosi, na chini yake nimeandika kuhusu bei ya vitambaa. Baada ya hapo hakuna nukta nyingine, kurasa zote mpaka leo. Nimejiuliza labda nilikosea siku. Sikukosea. Huwa sikosei tarehe, labda nikitaka.

Mama ameweka obusuma, ugali wetu wa huku, na mboga ya kunde mezani. Sijakigusa chakula. Ananitazama.

Sista Dorika, ukurasa huu na zile zilizotangulia nitazichana nikuletee sasa hivi kabla hujatoka zamu. Nikija na mdomo mtupu utaniuliza hali na nitasema sijambo, najijua. Utakuwa umesoma na mengine yasiyokuhusu, nisamehe, sina muda wa kunakili upya. Niliona siku zangu za mwisho tarehe ishirini na moja Novemba, si tarehe tano Desemba. Ulipokuwa unanifunga shela, mtoto alikuwepo. Ukitaka nitakuletea hiyo shela, na kamati ifanye itakavyoona. Lakini mpe daktari tarehe kwanza, hayo mengine baadaye. Dripu naikubali. Ezekieli nitamweleza mwenyewe. Mtoto hajaitikia kengele mara mbili.

Nimemwambia Mama twende. "Lurambi?" Hapana, Mama, hospitali. "Uchungu umeshika?" Haujashika. Ameweka sufuria chini. Kisha amefunika chakula, akamtupia kuku mahindi, na sasa yuko mlangoni amejifunga leso na furushi la nguo za mtoto kichwani, ananiambia niache kuandika.

Kwenye kadi, kesho ni siku ya sita, mtu anaweza kungoja. Kwangu kesho ni siku ya ishirini. Siingoji.