Shangazi Huonja Kwanza

Dada Adelina,

Pokea salamu kutoka Ijumbi, ambako mvua imetufanya tuanue kahawa mbio mbio. Nimekuja kumwona Shangazi. Nyumba yake ina bati jipya! Tangu kahawa ianze kuuzwa kwa mnada, bei imepanda na kijiji kizima kinajenga.

Unakumbuka alivyokuwa akitupokea kwa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo? Alikuwa akitafuna yeye kwanza, ndipo mgeni achukue. Siku hizi kahawa yote inakwenda mnadani, na mgeni anafunguliwa soda. Desturi tu ndiyo haijabadilika: mwenye nyumba lazima aonje kwanza.

Na Shangazi ana kisukari, dada. Mguu umefungwa bandeji. Anasema siku ya kliniki benchi linajaa majirani, wakulima wa kahawa watupu.

Nikamwomba maji. Akanitazama kama nimemtukana. "Maji? Na kahawa ina bei hivi? Majirani watasema nini?" Akafungua chupa. Nikamsihi asiionje. "Nikupe kitu sijaonja, mwanangu, kwani mimi mchawi?" Akapiga mafunda mawili makubwa, akanikabidhi huku anacheka. Kabla sijamaliza, mgeni mwingine akabisha hodi.

Nikumbatilie watoto, na wewe ujitunze. Nilitamani sana kurudi kwake Jumapili kumuaga, lakini nimeona heri nimpigie simu. Kwenye simu hana cha kuonja.

Mdogo wako akupendaye,
Projest