Jini Aliyekiri Kosa la Ghala

Hija, kesi ya Mabruki dhidi ya ghala imetupwa leo, hapa Mkoani.

Miaka minane amepuliza dawa ya wadudu ghalani, kajifunga kitambaa tu puani. Sasa anatema damu. Na aliyemwangusha ni shemeji yake Masika, kaka wa mkewe! Shahidi wetu wenyewe!

Wakili wa ghala alimwuliza, "Mlimpunga pepo?"

Akajibu, "Ndiyo, kule Wawi. Nilimshikilia mimi. Jini alimpanda kichwani, akasema, 'Kifua hiki nimekikalia mimi.'"

Unasikia? Nimekikalia mimi! Jini kakiri, kwa hiyo hakimu kaona ghala halina kosa. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini najua jini hapulizi dawa.

Mabruki akasema, "Shemeji, mimi nilitaka daktari. Wewe ndiye uliyenipeleka kwa mganga."

"Nimeshika msahafu, shemeji. Ulitaka niseme uongo?"

Msahafu! Nje tu karani wa ghala akampa Masika mkono: kesho anaanza unyapara. Ghala lile lile, Hija!

Mabruki hakutukana. Alikohoa mpaka kitambaa kikalowa.

Amerudi kwake hana kesi, hana kazi, hana kifua. Na mkewe Tatu amesema hana tena kaka.