Weupe Kando ya Jina

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika hapa Mpendae, marahaba. Sote wazima, ila bibi yako kila Ijumaa bado anakupakulia sahani, kisha anampelekea jirani.

Unauliza kama uijaze nafasi tupu kwenye ukurasa wa wavuti unaomtengenezea mteja, maana anasema imepotea bure.

Ujanani nilipanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha chapa, Mji Mkongwe. Bi Zuhura alikuja kuchapisha tangazo la khitma ya mwanawe aliyezama Chwaka. Nikaijaza karatasi maneno na mapambo pande zote, nikajiona fundi. Aliitazama.

"Mwanangu yuko wapi hapa?" akauliza.

Nikazifumua herufi zote, nikaliweka jina la mwanawe, Idi, peke yake katikati, juu na chini weupe mtupu. Akaligusa kabla wino haujakauka.

"Naam," akasema. "Huyu ndiye."

Basi mwambie mteja wako hivyo, kwa upole. Mimi nikiufungua ukurasa wako simuni, nateremka mpaka chini kabisa, ulipoandika jina lako kwa herufi ndogo katikati ya weupe ule, na hapo nnakaa.

Babu yako